Kalamu ya Risasi

Tulipokuwa watoto tulizijua kalamu za aina mbili, ya wino na ya risasi. Ya wino ilikuwa ya walimu na makarani. Ya risasi ndiyo iliyokuwa yetu, kwa sababu makosa yake yalifutika. Mama alitukataza tusiilambe ncha yake, akisema risasi ni sumu. Sisi tuliilamba hivyo hivyo ili maandishi yakolee, na hakuna aliyekufa. Nilikuja kujua sababu nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu: ndani ya kalamu ya risasi hamna risasi hata chembe.

Jina hilo ni kosa la zamani, wala si letu peke yetu. Waarabu, ambao ndio waliotupa neno risasi, huiita kalamu hiyo vivyo hivyo, na Wajerumani vilevile. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, walikuta jiwe jeusi, laini, linalopaka mikono, wakalitumia kuwatia kondoo wao alama. Likadhaniwa kuwa ni aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba jiwe lile ni kaboni, ndugu wa mkaa na almasi. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akalipa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki la kuandika. Sisi Tanzania tunaliita kinywe. Lakini jina la kalamu limebaki lile lile. Kosa lililokwisha kuzoeleka halifutiki kwa raba.

Nimelitaja kosa hilo la watu wengi ili nipate moyo wa kulitaja la kwangu.

Mwaka 1982 nilikuwa nikifundisha fizikia kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari ya wasichana. Siku hiyo tulikuwa tukijaribu vitu vipitishavyo umeme na visivyopitisha. Vifaa vilikuwa haba: betri za tochi, nyaya, balbu moja ndogo, msumari, kipande cha mti, na penseli niliyoichonga ncha zote mbili. Zamu ya penseli ilipofika, balbu iliwaka, hafifu lakini iliwaka, na darasa zima likashangilia. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Mkononi alikuwa na sumaku ya duara iliyong'olewa katika spika ya redio mbovu. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye alipotaka kujua jambo kwa kweli aliuliza kwa Kiswahili.

"Mwalimu," akasema, "tukiisogeza sumaku karibu na penseli, umeme utapita vilevile?"

Nikamjibu kwamba sumaku huvuta chuma, penseli si chuma, na somo la sumaku ni la muhula ujao. Wenzake wakacheka. Akaketi, akaitia sumaku yake katika mfuko wa sketi. Mwaka ule sikumwona tena akinyosha mkono. Jibu sikulijua, na badala ya kusema sijui, nikamfunga mdomo.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kujibu ni nini. Baada ya kustaafu nilianza kusoma mambo niliyoyafundisha kwa haraka, na swali la sumaku na penseli likanirudia. Nikagundua kwamba watu wamelishughulikia kwa miaka karibu mia moja, kwamba lilikuwa likishughulikiwa mwaka ule ule wa 1982, na kwamba msichana yule alikuwa amegonga mlango halisi.

Ili kulielewa, ndugu msomaji, lifikirie daftari. Mwaka 1924 J. D. Bernal, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya utafiti London, alitumia miali ya eksirei kuonyesha jinsi atomi zilivyopangwa ndani ya kinywe. Zimelala katika matabaka bapa, na katika kila tabaka zimeshikana kwa pembe sita sita mfano wa sega la nyuki. Atomi jirani katika tabaka moja ziko umbali wa nanomita 0.142, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Lakini kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, zaidi ya mara mbili, na kinachoyashikanisha matabaka hayo ni kidogo sana. Ndiyo maana tunaweza kuandika: kila mstari wa penseli ni kurasa zilizoteleza kutoka katika daftari hilo na kubaki juu ya karatasi.

Sasa ufikirie umeme kama siafu wanaotembea katika daftari. Kwenda mbele juu ya ukurasa ni rahisi. Kuvuka kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili ni kazi. Mhindi K. S. Krishnan, aliyefanya kazi Calcutta, alikuwa miongoni mwa waliolipima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 1934 aliandika jinsi fuwele za kinywe zinavyoitikia sumaku, na mwaka 1939 yeye na mwenzake Ganguli wakaeleza kwamba umeme hupita kwa urahisi maelfu ya mara zaidi kufuata kurasa kuliko kuzivuka. Kuhusu sumaku, kinywe hakivutwi bali husukumwa, na msukumo huwa mkubwa zaidi nguvu ya sumaku inapozipenya kurasa wima. Basi tayari nilikuwa nimekosea jibu. Penseli si chuma, ni kweli. Lakini sumaku haiipiti kama mgeni asiyebisha hodi.

Tena kuna la pili. Elektroni, yaani chembe zibebazo umeme, zikitembea mahali penye nguvu ya sumaku hupindishwa njia. Kinachokwenda sawa huanza kwenda mviringo, na umeme hukuta ukinzani mkubwa zaidi. Katika shaba, yenye elektroni nyingi zinazogongana mara kwa mara, athari hii ni ndogo. Katika kinywe safi elektroni zilizo huru ni chache, kadiri ya moja kwa kila atomi elfu kumi, lakini ni nyepesi na husafiri mbali kabla ya kugonga kitu. Kwa hiyo sumaku hupata nafasi ya kuzizungusha. Penseli yetu haikuwa kinywe safi. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipobuni njia yake mwaka 1795, penseli hutengenezwa kwa unga wa kinywe uliochanganywa na udongo na kuchomwa. Balbu ya tochi isingebadilika kwa jicho letu. Lakini swali lilikuwa la haki, na mwalimu angeweza kusema: hapa hatutaona kitu, ila twende tukafikiri.

Mtu aliyefungua mlango huo alilipa gharama kubwa. Lev Shubnikov alizaliwa St Petersburg mwaka 1901, na katika miaka ya 1920 alikwenda Leiden, Uholanzi, kwenye maabara iliyojua kufanya baridi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Mwaka 1930 yeye na W. J. de Haas waliipoza fuwele ya bismathi mpaka baridi kali mno, wakawa wanaongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo huku wakipima ukinzani. Walitazamia ukinzani upande tu. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, mfano wa mawimbi. Mwaka huo huo Lev Landau alikuwa ameeleza kwamba elektroni zinazozungushwa na sumaku haziwezi kuwa na nishati yoyote tu; zinapaswa kusimama kwenye vipandio, kama vya ngazi.

Aliyewahi kukaa kwenye gati maji yakikupwa atanielewa. Ngazi za mawe huchomoza moja baada ya nyingine kadiri maji yanavyoshuka, na anayezijua ngazi anaweza kukwambia kina cha maji bila kuingia. Katika fuwele, sumaku ikizidi nguvu vipandio huachana, na kimoja kimoja huupita usawa ambao elektroni zimejaa. Kila kinapopita, ukinzani hutoa ishara. Mwaka 1952 Lars Onsager alionyesha jinsi ya kuzisoma ishara hizo na kupata hesabu ya elektroni zenyewe. Tangu hapo mtu aliweza kujua yaliyomo ndani ya jiwe bila kulivunja.

Shubnikov hakuiona siku hiyo. Alirudi nyumbani akaanzisha maabara ya baridi huko Kharkov. Mwaka 1937 alikamatwa na askari wa Stalin, na mwezi Novemba mwaka huo akapigwa risasi, akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1957 serikali ilimsafisha jina. Mawimbi yale ya ukinzani yanaitwa hadi leo kwa jina lake na la de Haas. Kila niandikapo kalamu ya risasi, humkumbuka.

Kinywe chenyewe kilipata umuhimu mpya kwa sababu ya vita. Tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia mjini Chicago, lililojengwa kwa maelfu ya matofali ya kinywe. Ikabidi tabia zake zijulikane. Mkanada Philip Wallace, aliyekuwa katika mradi wa nyuklia wa nchi yake, alipiga hesabu ya elektroni za kinywe na kuichapisha mwaka 1947. Kwa kurahisisha kazi alianza na ukurasa mmoja peke yake, kitu ambacho wakati huo hakikuwa kimetengwa na mtu yeyote. Ukurasa huo tutaurudia.

Hapa ndipo anapoingia mwanamke aliyenifanya niandike makala hii.

Mildred Dresselhaus alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1930, akakulia Bronx katika familia maskini ya wahamiaji. Aliingia Hunter College akikusudia kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu wake mmoja wa fizikia, Rosalyn Yalow, ambaye mwaka 1977 alikuja kupata Tuzo ya Nobel, alimwambia asiishie hapo, aende akawe mwanasayansi. Akaenda. Chicago alisomeshwa na Fermi kabla hajafariki mwaka 1954, na mwaka 1958 alipata shahada ya udaktari. Mwaka 1960 aliajiriwa katika maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT. Alikuwa na watoto wadogo, na baadaye wakawa wanne. Akatafuta somo la kushughulikia, akachagua kinywe. Sababu aliyoitoa ni ya kibinadamu kabisa: kilikuwa kigumu na wachache walikitaka, hivyo mtoto akiugua na mama akikaa nyumbani siku kadhaa, hakuna ambaye angemtangulia.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Kumbe chanzo cha maarifa mengi tuliyo nayo juu ya kinywe ni homa ya mtoto.

Mwaka 1973 alianza kuchunguza kinywe kilichopachikwa vitu. Turudi kwenye daftari. Tangu miaka ya 1840 ilijulikana kwamba tindikali ya salfa huingia baina ya kurasa za kinywe na kukivimbisha. Mwaka 1926 Wajerumani Fredenhagen na Cadenbach waliingiza mvuke wa potasiamu. Jiwe jeusi likageuka rangi ya dhahabu. Ni kama mtu apachikaye picha baina ya kurasa za kitabu. Akipachika kila baada ya ukurasa mmoja, hupata kitu cha aina moja. Akipachika kila baada ya kurasa mbili, kitu kingine, na kile cha potasiamu huwa cha buluu. La ajabu ni kwamba kitu kilichopachikwa huzigawia kurasa elektroni zake, au huzinyang'anya, na jiwe lililokuwa na elektroni chache za kubeba umeme huwa kama metali. Mwaka 1965 watafiti wa Bell Labs walipata kwamba kinywe chenye potasiamu, kikipozwa hadi chini ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Katika hali ya kawaida potasiamu peke yake haifanyi hivyo, wala kinywe peke yake.

Unajuaje ni elektroni ngapi zimehama? Kwa sumaku. Dresselhaus na wanafunzi wake, na wengine Ulaya na Japani, waliziweka fuwele hizo katika baridi na sumaku kubwa, wakayasoma mawimbi ya Shubnikov kama tabibu asomavyo mapigo ya moyo. Kila kitu kilichopachikwa kilikuwa na mapigo yake. Wakati huo wapo waliotumaini kutengeneza nyaya nyepesi zinazoshindana na shaba, kwa kupachika mchanganyiko wa arseniki na florini. Umeme ulipita vizuri, lakini dawa ile ni sumu kali na unyevu wa hewa uliiharibu. Matumaini hayo hayakufika sokoni. Mwaka 1981 Dresselhaus na mumewe Gene walichapisha muhtasari mkubwa wa yote yaliyojulikana juu ya vitu hivi.

Mwaka huo huo, Sei-ichi Tanuma na wenzake wa Japani waliripoti jambo jingine. Walikiweka kinywe safi katika baridi kali na sumaku ya zaidi ya tesla 20, nguvu inayozidi ile ya sumaku ya dunia kwa mamia ya maelfu ya mara. Ukinzani ukaruka ghafla, kama elektroni zimekubaliana kujipanga upya. Mwaka 1982, katika maabara ya sumaku kubwa ya MIT, Yasuhiro Iye pamoja na akina Dresselhaus, Tanuma na wengine wakalipima jambo hilo kwa undani.

Mwaka 1982! Nimeusoma mwaka huo mara nyingi. Watu wazima wenye shahada, wenye mitambo inayokula umeme kama mji mdogo, walikuwa wakiuliza: tukiisogeza sumaku karibu na kinywe, umeme utapita vilevile? Na katika darasa lenye balbu moja, mtu mwingine aliuliza hilo hilo, akaambiwa aketi. Sisemi angekuwa Dresselhaus. Huenda angekuwa muuguzi, au karani wa benki, na huenda ndivyo alivyo. Nasema tu kwamba Yalow alimpa mwanafunzi wake neno moja na mimi nilimpa wangu neno moja, na maneno hayo hayakuwa sawa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walitangaza kwamba wameupata ukurasa mmoja wa kinywe kwa kuubandua kwa gundi ya utepe. Mwaka 2005 wao, na kundi la Philip Kim huko New York, waliuweka katika sumaku, na vipandio vya ngazi vikaonekana vimepangwa jinsi nadharia iliyoanzia kwa Wallace ilivyotabiri. Geim na Novoselov walipata Nobel mwaka 2010. Mwaka 2005 pia, huko Uingereza, kinywe kilichopachikwa kalsiamu kilipitisha umeme bila ukinzani katika nyuzi 11.5 juu ya sifuri kamili. Na mwaka 2018, MIT, kundi la Pablo Jarillo-Herrero lilibandika kurasa mbili, moja ikiwa imezungushwa juu ya nyingine kwa nyuzi 1.1 tu, nazo zikapitisha umeme bila ukinzani katika nyuzi 1.7. Dresselhaus hakuliona hilo. Alifariki Februari 2017, akiwa na umri wa miaka 86.

Kupachika vitu baina ya kurasa nako kuliingia majumbani. Mwaka 1980, huko Grenoble, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingizwa katika kinywe kwa umeme na kutolewa tena. Hivyo ndivyo betri ya simu inavyojazwa na kutumika. Ndiyo sababu redio sasa huvitaja vinywe vya Mahenge na Ruangwa kama zamani ilivyotaja katani.

Mwaka jana nilivunja kompyuta mbovu ya mjukuu wangu, nikatoa ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu kuliko ile ya spika. Nilifunga uzi katikati ya kijiti chembamba cha penseli ya kubonyeza, nikakining'iniza mezani mpaka kikatulia. Kisha nikaisogeza sumaku polepole. Kijiti kikajitenga, kikazunguka kuikwepa, bila kuguswa.

Mjukuu akauliza, "Babu, na ukikipitisha umeme?"

Kwa miaka arobaini nilikuwa na deni la jibu hilo, na aliyenidai simjui alipo. Nikamwambia sijui tutaona nini kwa vifaa vyetu hivi, akalete betri.